Sura ya Sita: Beringi Zinazofia Kwenye Kona

Malori yanayobeba mizigo ya Kigali na Bujumbura kutoka bandari ya Dar es Salaam humalizia safari yake ya Tanzania kwenye vilima vya Ngara. Yakishaiacha Lusahunga, wilayani Biharamulo, yanapanda na kushuka hadi Rusumo kwenye daraja la mto Kagera, au hadi Kabanga kwenye mpaka wa Burundi. Injini ya dizeli inapokufa huko milimani ikiwa na tani za mizigo ya watu mgongoni, fundi wa Nyamiaga au wa Ngara mjini anayeifungua anajua pa kutazama kwanza: beringi za konrodi, nusu ya juu. Hapo ndipo kila mlipuko wa silinda unapogonga. Dereva akikawia kushusha gia, injini ikaburuzwa mlimani kwa mizunguko michache chini ya mzigo mzito, nusu ile ya juu husagika hadi shaba yake ikaonekana.

Mpe fundi huyohuyo konrodi ya gari lililotoka kwenye mbio, atashangaa kuona mambo yamegeuka. Nusu ya juu nzima, inang'aa. Iliyokwisha ni ya chini, ile inayokaa ndani ya kifuniko cha konrodi. Gari la mbio na lori la mlimani hutumia kifaa kimoja, nao hukiua kwa njia mbili zinazopingana. Anayeuelewa upinzani huo ataelewa kwa nini gari la mbio hubadilishiwa beringi za konrodi kabla halijalalamika.

Ngara haina kiwanja cha mbio za magari. Mbio za karibu ziko ng'ambo ya Rusumo, nchini Rwanda, ambako Rwanda Mountain Gorilla Rally, iliyokuwa kwa miaka mingi mojawapo ya raundi za ubingwa wa Afrika, imekimbizwa kwenye barabara za vumbi za Bugesera. Uganda wana Pearl of Africa Rally, Kenya wana Safari Rally, na kwetu Iringa wana mbio za Mkwawa. Kwa mbio za lami za kuzunguka kiwanja, wengi wa Afrika Mashariki huenda Kenya, kwenye kiwanja cha Whistling Morans kule Athi River. Nayataja haya mapema kwa sababu vumbi la Bugesera na lami ya Athi River hazili beringi kwa namna moja, na fundi anayejiandaa kuzibadilisha sharti ajue gari limetoka wapi.

Beringi ya konrodi haina gololi. Ni vibamba viwili vya nusu duara vinavyokumbatia pini ya krenki, mahali pistoni inapokabidhi nguvu zake. Mgongo wa kibamba ni chuma. Juu ya chuma huwekwa tabaka la aloi ya shaba, au alumini iliyochanganywa na bati, na katika beringi nyingi za mbio huongezwa ngozi nyembamba sana ya risasi na bati. Ngozi hiyo imefanywa laini kwa makusudi. Chembe ya mchanga ikipenya, inazama humo badala ya kuichana krenki. Krenki ni ghali na beringi ni rahisi, kwa hiyo kilicho rahisi kimewekwa mbele kiumie.

Injini ikiwa nzima, hata hivyo, beringi na krenki hazigusani. Jambo hili halikujulikana mpaka mwaka 1883, pale mhandisi Mwingereza Beauchamp Tower, akifanya majaribio kwa niaba ya taasisi ya wahandisi mitambo ya nchi yake, alipotoboa tundu juu ya beringi ya aina iliyotumika kwenye ekseli za mabehewa. Alitaka kutilia oili. Mtambo ulipozunguka, oili ikaanza kutoka tunduni badala ya kuingia. Akaziba kwa kizibo cha mbao. Kizibo kikasukumwa nje. Akafunga geji, nayo ikapanda kupita pauni 200 kwa inchi ya mraba, ilhali mzigo uliowekwa juu ya beringi ulikuwa na wastani wa pauni 100 tu. Ekseli yenyewe, kwa kuzunguka kwake, ilikuwa inaivuta oili na kuibana chini ya mzigo mpaka ikaunyanyua. Miaka mitatu baadaye, 1886, Osborne Reynolds aliandika hesabu ya kueleza jambo hilo, na hesabu hiyo ndiyo inayotumika hadi leo kila kiwanda kinapobuni beringi.

Aliyewahi kuendesha kwenye lami yenye maji akahisi tairi zinaelea ameionja nguvu hiyohiyo. Ndani ya injini utando wa oili unaweza kupungua hadi mikroni chache, na mikroni 1 ni sehemu ya elfu ya milimita. Nafasi yote iliyoachwa kati ya pini na beringi ni ndogo pia. Kanuni ya zamani ya mafundi wa mbio ni sehemu moja ya elfu ya kipenyo: pini ya milimita 50 ipewe nafasi ya milimita 0.05. Viwanda vingi hubana kuliko hapo kwa magari ya kawaida.

Mambo matatu huujenga utando huo: kasi ya mzunguko, uzito wa oili, na oili kuwepo. Lori linaloburuzwa mlimani linakosa la kwanza. Mzigo ni mkubwa, mzunguko ni wa polepole, utando unakuwa mwembamba, chuma kinakaribia chuma. Gari la mbio, kwa upande wa kasi, lina ziada. Shida yake ni nyingine.

Tuchukue injini yenye mwendo wa pistoni wa milimita 79, kama Subaru ya lita 2.5, na tuseme pistoni, pini yake, ringi na kichwa cha konrodi vina uzito wa nusu kilo kwa jumla. Kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika, pistoni hufika juu, husimama na kugeuka zaidi ya mara 116 kila sekunde. Nguvu inayotakiwa kuigeuza pale juu ni kama uzito wa tani 1.4, na kama hakuna mlipuko wa kuisaidia kushuka, nguvu hiyo yote inavutwa na kifuniko cha konrodi pamoja na boliti zake mbili. Shusha mizunguko hadi 3,500, tani zile zinageuka kilo 350 hivi, kwa maana nguvu hii hukua kwa kipeo cha pili: ukizidisha kasi mara mbili, mzigo unazidi mara nne. Ndiyo sababu nusu ya chini ndiyo inayochakaa kwenye gari la mbio, na ndiyo sababu mizunguko 500 ya ziada ambayo dereva anaiona ni kidogo si kidogo hata chembe.

Hata hivyo beringi iliyotengenezwa vizuri hubeba tani hizo siku nzima ikiwa oili ipo. Muuaji ni sekunde ambayo oili haipo.

Tazama njia ya oili. Pampu huinyonya kutoka sampu, lile bakuli la chini ya injini, kupitia bomba lenye chujio mdomoni. Inapita filta, inaingia mfereji mkuu wa bloki, inafika kwenye beringi kuu zinazoshika krenki, ndipo inapenya matundu yaliyotobolewa ndani ya krenki hadi kwenye pini za konrodi. Beringi za konrodi ziko mwisho wa foleni. Presha ikishuka, ndizo za kwanza kukosa.

Sasa gari linapokata kona, oili haibaki chini ya sampu. Kona inayolivuta gari kwa nguvu sawa na uzito wake, jambo ambalo tairi za mbio hulimudu, inaulaza uso wa oili nyuzi 45. Mlima wenye mwinuko wa asilimia 10, ambao dereva yeyote wa lori atauita mkali, unaulaza kwa nyuzi zisizofika 6. Hapo ndipo ninapoiona tofauti yote kati ya milima ya Ngara na kiwanja cha lami. Oili inapanda ukuta wa sampu, mdomo wa bomba unabaki wazi, pampu inanyonya hewa. Kona ndefu ya sekunde 3 kwa mizunguko 6,000 ni mizunguko 300 ya krenki. Sindano ya presha huanguka, dereva macho yake yako barabarani, kona inaisha, sindano inarudi, naye hana habari kwamba ngozi laini ya beringi imekwanguliwa. Kona inayofuata inaendeleza kazi.

Barabara ya vumbi haina kona ndefu za kushikilia namna hiyo, tena tairi huteleza mapema, oili haipandi sana. Huko muuaji ni jiwe. Jiwe likibonyeza sampu juu, chuma cha sampu kinaweza kuuziba mdomo wa bomba la oili, na injini ikakosa oili ingawa bakuli limejaa. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 kwa kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, iliwafundisha watu somo la kulinda tumbo la gari kabla ya kuongeza nguvu. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena. Matope na mvua ndivyo vilivyoua mengi, lakini waliofika walifika kwa sababu injini zao zilibaki na oili na maji hadi mwisho. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda miaka miwili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404, gari la familia ambalo wazee wetu wengi waliliona likibeba abiria. Ushindi huo naupenda kuliko mwingi uliofuata, maana ulikuwa wa subira ya kutunza chuma.

Vumbi lenyewe nalo ni adui. Udongo mwekundu wa Kagera ni mkali kuliko unavyoonekana. Filta ya hewa ikipasuka au ikifungwa ovyo, vumbi huingia silinda, hushuka kwenye oili, na beringi inajaa chembe mpaka inashindwa kuzimeza.

Basi beringi zibadilishwe lini? Wengi wanangoja mlio. Mlio wa konrodi unafahamika: mgoto mzito unaosikika zaidi dereva anapoachia mafuta akiwa kwenye mizunguko ya kati, na ukikata moto wa silinda yenye ugonjwa unabadilika au kupungua. Lakini injini inayogonga imeshapoteza zaidi ya beringi. Pini ya krenki imechanika au imepoteza uviringo wake, na sasa krenki lazima itoke nje ikachongwe kwa mashine katika mji mkubwa kama Mwanza, kisha itafutiwe beringi nene zenye alama ya 0.25 au 0.50. Krenki nyingine zimegandishwa uso kiwandani ukawa mgumu. Ukizichonga, ugumu huo unatoka, na zisipogandishwa upya hazidumu. Ukichelewa zaidi, konrodi inakatika na kutoboa bloki, na hapo hakuna cha kukarabati.

Kwa gari la mbio, naamini kabisa kwamba beringi za konrodi zihesabiwe kuwa kitu cha kuisha, sawa na pedi za breki. BMW yenyewe ilizirudisha karakana M3 zilizotengenezwa kati ya 2001 na 2003, zenye injini ya lita 3.2 inayozunguka hadi 8,000, ili kubadilishiwa beringi hizi. Wenye M3 ya silinda nane iliyofuata wengi wao hubadilisha kwa ratiba, injini ikiwa nzima, wala hawaoni kuwa ni hasara. Kwa magari yetu ya Kijapani, ushahidi wa kufuata ni huu: kila unapomwaga oili baada ya mbio, ipasue filta, ikunjue karatasi yake juani. Vumbi la chuma linalonaswa na sumaku lina asili nyingi. Vimetameta vya rangi ya shaba au fedha ambavyo sumaku haivitaki mara nyingi vimetoka kwenye beringi. Pamoja na hilo, andika presha ya oili injini ikiwa ya moto na iko sailensa, yaani haijakanyagwa mafuta. Ikianza kushuka wiki hadi wiki kwa oili ileile, nafasi za beringi zinapanuka.

Kazi yenyewe inategemea injini. Toyota ya silinda nne au sita zilizosimama mstari mmoja ina huruma. Injini inaning'inizwa kwa winchi, krosimemba inashushwa pale inapozuia, sampu inafunguliwa, na konrodi zote zinaonekana kutoka chini. Subaru, gari linalopendwa sana katika mbio za ukanda huu, haina njia hiyo ya mkato. Silinda zake zimelala kushoto na kulia, na krenki imebanwa katikati ya nusu mbili za bloki. Kwa Subaru, kubadilisha beringi za konrodi ni kutoa injini yote na kuipasua bloki. Mwenye Subaru anayeambiwa kwamba kazi hiyo itafanyika kwa kufungua sampu tu aondoke na gari lake.

Fungua konrodi moja baada ya moja, na kila kifuniko kikae na konrodi yake, upande wake uleule. Kifuniko na konrodi vilichongwa pamoja kiwandani, au vilipasuliwa kutoka chuma kimoja. Ukivichanganya, duara halipo tena. Piga alama kabla ya kulegeza boliti. Vibamba vya zamani vipange juu ya kitambaa kwa namba, juu na chini, kwa kuwa hivyo ndivyo ripoti ya injini. Nusu za chini zikiwa zimechakaa kwa usawa katikati, hiyo ni kazi halali ya mizunguko mingi. Nusu za juu zikiwa zimepondeka, injini inaburuzwa kwa gia kubwa au petroli inalipuka kabla ya wakati wake. Shaba ikionekana kwenye silinda moja au mbili tu, huku nyingine ziko salama, shuku oili iliyokatika kwenye kona. Mikwaruzo ya kuzunguka ina maana ya uchafu. Uchakavu wa ukingo mmoja wa kibamba unasema konrodi imepinda.

Kisha pima. Sehemu hii hairukwi, na hapa ndipo gereji nyingi zinapoharakisha. Pini ipimwe kwa maikromita katika pande mbili zinazopishana na katika ncha zote mbili, ujue kama bado ni duara na kama haijawa na mshazari. Beringi mpya zifungwe kwanza kwa majaribio, uzi laini wa plastiki wa kupimia ukiwa umelazwa juu ya pini kavu. Kaza kwa kipimo kamili bila kuizungusha krenki, fungua, usome upana wa uzi uliobondeka. Nafasi isipolingana na kitabu cha injini, tafuta saizi nyingine. Kuweka kipande cha kopo au karatasi nyuma ya kibamba ili kibane, au kupiga tupa midomo ya kifuniko, ni kuua injini kwa mkono. Mgongo wa beringi lazima ugusane na konrodi chuma kwa chuma, mkavu bila oili, ili joto lipite na kibamba kisizunguke. Ncha zake huchomoza kidogo sana kwa makusudi. Boliti zinapokazwa, ncha hizo husukumana na kukibana kibamba mahali pake.

Boliti zinunuliwe mpya pale kitabu kinaposema hazirudiwi. Zile tani 1.4 zinaning'inia juu yake, na boliti iliyovutika mara moja haina tena uwezo uleule. Spana ya toki si anasa katika kazi hii. Kama gereji haina, iazimwe, hata ikibidi kuifuata mji mwingine. Na beringi zenyewe zinunuliwe kwa namba ya injini, kutoka kwa muuzaji anayeweza kuonyesha zimetoka wapi. Aliyeko Ngara yuko zaidi ya kilomita 1,200 kutoka maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam. Kifurushi cha bandia kikishafika kwa basi, kishawishi cha kukifunga hivyohivyo ni kikubwa.

Wakati sampu iko chini, ndiyo nafasi ya kuiponya kona. Vizuizi vya bati vyenye vijilango vinavyofunguka upande mmoja, vikichomelewa ndani ya sampu, huizuia oili isikimbie mdomo wa pampu. Kwa gari la kiwanja cha lami, bila hivyo beringi mpya zitafuata zilizotoka. Wenye fedha huweka tangi dogo la presha linalorudisha oili sindano inapoanguka, au mfumo wa sampu kavu wenye tangi la pembeni, lakini vizuizi na oili iliyojazwa hadi alama ya juu huokoa injini nyingi. Sampu ya gari la vumbi ipewe ngao nene chini, na mdomo wa bomba upimwe uko mbali kiasi gani na sakafu.

Beringi zipakwe mafuta mazito ya kufungia injini upande unaotazama pini. Kila unapokaza konrodi, zungusha krenki kwa mkono. Ikikataa, simama, fungua ile ya mwisho. Injini ikisharudi, jaza oili, weka filta mpya iliyotiwa oili, kata petroli na moto, kisha piga stata kwa vipindi vifupi mpaka geji ionyeshe presha. Ndipo uwashe. Oili hiyo ya kwanza imwagwe mapema, kabla ya mbio yoyote, na filta yake ipasuliwe. Siku ya mbio, asubuhi ya baridi kama zile za Ngara, oili ifike nyuzi 80 kabla ya mtu kuikanyaga injini juu ya mizunguko 4,000. Oili nzito iliyopoa huchelewa kufika mwisho wa foleni, na mwisho wa foleni ndipo zilipo beringi ulizotoka kuzifunga.